Anwani ya Kurudi

Likizo iliyopita, nikiwa nyumbani Bweni, programu ya tasnifu yangu ilikufa katikati ya kazi. Niliwasha dibaga, chombo cha kutafutia makosa, ili inionyeshe funksheni ipi iliita ipi mpaka tukafika pale. Badala ya majina, ilinipa alama za kuuliza. Programu ilikuwa imepoteza njia ya kurudi.

Funksheni ni kipande cha programu: kinaitwa, kinafanya kazi yake, kisha kinarudi pale kilipoitiwa. Lakini pale ni wapi? Kompyuta haikumbuki kitu isichoandikiwa. Katika ripoti yake ya mwaka 1945 kuhusu mashine ya ACE, iliyokuwa bado haijajengwa, Alan Turing alipendekeza anwani ya kurudi ihifadhiwe kabla ya kuondoka. Kuiweka alikuita kuzika, na kuitoa kufukua.

Mwaka 1949, kompyuta ya EDSAC ilipoanza kazi Cambridge, David Wheeler, kijana wa miaka 22, alikuja na mbinu nyingine. Kipande kilichoitwa kilipokea anwani ya aliyekiita, kikaitumia kuandika agizo la kurudi kwenye mkia wake chenyewe. Mbinu ilifaa, ila kipande kikijiita chenyewe, anwani mpya inafuta ya zamani.

Dawa ilikuwa rundo. Mwaka 1960, Edsger Dijkstra na Jaap Zonneveld walikamilisha mjini Amsterdam kompaila ya ALGOL 60 iliyoruhusu funksheni kujiita. Kila mwito una nafasi yake juu ya rundo, pamoja na anwani yake. Wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka.

Asubuhi ile bibi alikuwa barazani akisuka ukili wa mkeka. Aliona amekosea rangi nyuma kidogo, akaanza kufumua kutoka mwisho. Nikamuuliza kwa nini asirekebishe palepale penye kosa. "Huwezi kuanzia katikati, mjukuu wangu," akasema.

Dibaga nayo hufumua hivyo. Husoma anwani ya juu, huitafuta katika orodha ya majina iliyoachwa na kompaila, kisha hushuka kwenye inayofuata. Inaamini kinachosomeka. Na hapo ndipo penye udhaifu: anwani hukaa jirani na data za kawaida, na data ikizidi nafasi yake, huifuta. Novemba 1988, programu ya Robert Morris, mwanafunzi wa Cornell, ilitumia mwanya huo kama mojawapo ya njia za kuingia katika maelfu ya kompyuta. Miaka 10 baadaye, Crispin Cowan na wenzake walitoa StackGuard, kompaila inayoweka namba ya ulinzi kando ya anwani. Funksheni ikitaka kurudi na namba imebadilika, programu inasimamishwa.

Kosa langu lilikuwa hilohilo. Nilitenga nafasi ya herufi 20 kwa majina ya faili, na jina moja likazidi. Kompaila ninayotumia ina ulinzi wa aina hiyo. Ungenikamatia kosa miezi kadhaa kabla. Nilikuwa nimeuzima mwenyewe, ili programu iende haraka kidogo.

Niliuwasha tena. Kisha nikaanza kukagua upya matokeo yote niliyokwisha kumpelekea msimamizi wangu, nikianzia na ya mwisho.