Kiswahili na hadubini ya uga wa karibu

Mara kwa mara wanafunzi wangu huniuliza, ati Kiswahili kitaelezaje fizikia ya leo? Hebu tujaribu kwa historia ya kifaa kimoja.

Mnamo 1873, Mjerumani Ernst Abbe alieleza kikomo cha hadubini. Vitu viwili vikikaribiana kuliko takribani nusu ya urefu wa wimbi la mwanga, yaani nanomita 200 hivi, huonekana kama kimoja, hata lenzi iwe bora vipi.

Mwaka 1928, E. H. Synge wa Ireland, aliyekuwa ameandikiana barua na Albert Einstein, alichapisha mbinu ya kukikwepa kikomo hicho. Mwanga upitishwe kwenye tundu dogo kuliko wimbi lenyewe, nalo tundu lisogezwe hadi karibu liguse kinachotazamwa. Vifaa vya kufanya hivyo havikuwapo, na wazo likasahaulika. J. A. O'Keefe wa Marekani alilibuni upya mwaka 1956. Ash na Nicholls wa London walilithibitisha kwa mikrowevu mwaka 1972. Kwa mwanga unaoonekana, watafiti wa IBM nchini Uswisi walichapisha matokeo yao mwaka 1984. Synge alikuwa amefariki mwaka 1957.

Mwaka 1987, Eli Yablonovitch na Sajeev John, kila mmoja kivyake, walieleza msingi wa fuwele za fotoni. Hizi ni maada zenye, kwa mfano, vitundu vilivyopangwa kwa utaratibu unaojirudia, hivi kwamba mwanga wa rangi fulani haupenyi. Mwanga ulionaswa humo haufiki kwenye lenzi iliyo mbali, lakini sehemu yake hung'ang'ania uso wa fuwele na kufifia papo hapo. Ncha ya kifaa alichokiwazia Synge hufika hapo na kuudaka. Mwaka 2005, watafiti wa Uholanzi waliitumia kufuatilia mwanga uliokuwa ukijikokota ndani ya fuwele hizo.

Sasa, kifaa hiki tukiiteje? "Hadubini ya masafa mafupi"? La. Msomaji atafikiria mawimbi ya redio. Wanafizikia wetu tayari wana "uga", kama katika uga sumaku. Basi napendekeza "hadubini ya uga wa karibu".

Mwenye jina bora na alilete, bora tu liandikwe na kutumiwa madarasani. Istilahi isiyohifadhiwa itatupata yaliyolipata wazo la Synge: kila kizazi kuibuni upya.