Lowell: Mji wa Mifereji na Jasho la Wasichana

Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, mto Merrimack hushuka takriban mita 10 kwenye maporomoko ya Pawtucket. Mfereji wa kwanza ulifunguliwa hapo mwaka 1796 ili magogo na mizigo viyakwepe maporomoko hayo. Baadaye matajiri wa Boston wakaona kwamba maji hayo yangeweza kuendesha mashine. Mwaka 1823 kiwanda chao kikatoa nguo ya kwanza, na mwaka 1826 Lowell ukawa mji rasmi. Mifereji ikaongezwa hadi kama kilomita 9.

Kazi ilifanywa hasa na wasichana waliotoka mashambani. Waliishi katika mabweni ya kampuni, wakaamshwa na kengele alfajiri, wakasimama mbele ya mashine zaidi ya saa 12 kwa siku. Ujira ulipopunguzwa mwaka 1834, waligoma. Mwaka 1836 wakagoma tena. Miaka ya 1840, Sarah Bagley na wenzake walidai siku ya kazi iwe ya saa 10. Nayo pamba waliyoisokota ililimwa na watumwa wa majimbo ya Kusini, na nguo duni za Lowell zilirudi huko kuwavika watumwa hao hao.

Msimamizi wa mifereji alikuwa mhandisi James B. Francis. Mwaka 1850 alining'iniza juu ya mfereji lango kubwa la mbao la kuzuia mafuriko, kwa ukanda wa chuma, watu wakamcheka. Mafuriko ya mwaka 1852 yalipokuja, ukanda ulikatwa kwa patasi, lango likaanguka na kuziba mfereji, mji ukaokoka. Turbini aliyoiboresha inaitwa kwa jina lake hadi leo, na ndiyo aina inayozalisha umeme katika Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji.

Katika karne ya 20 viwanda vilihamia Kusini kulikokuwa na ujira mdogo, na Lowell ukadorora. Tangu 1978 sehemu ya mji ni hifadhi ya taifa ya historia, na katika kiwanda cha zamani cha Boott wageni huoneshwa vitambaa vikifumwa.

Kuisifu Lowell kwa maji na mashine peke yake ni kusimulia nusu ya historia. Nchi inayojenga viwanda leo iwahesabu kwanza wale watakaosimama mbele ya mashine.