Maumivu ya mwendo: istilahi kwa ajili ya ateri za miguu

Kuna mgonjwa ambaye akiingia chumba cha daktari haumwi, kwa sababu ameshakaa kwenye benchi muda mrefu. Anajieleza: nikitembea kidogo mguu unavuta, nikisimama unaacha. Mtabibu mwenye haraka ataandika baridi yabisi, au atamwambia kuwa huo ni umri, apumzike. Kumbe mgonjwa ameshamaliza maelezo yote yanayohitajika. Maumivu yanayokamata shavu la mguu wakati wa kutembea, yakakoma ndani ya dakika chache mtu akisimama tu, kisha yakarudi akitembea tena umbali uleule, yanaashiria kwamba ateri za mguu zimebanwa. Wataalamu huyaita klodikesheni. Watu zaidi ya milioni 200 duniani wana ugonjwa huo wa ateri za miguu, ingawa si wote huumia. Kwa hiyo jina la Kiswahili la dalili hii ni jambo la kufikiriwa kwa makini.

Neno lenyewe limetokana na kitenzi cha Kilatini, claudicare, yaani kuchechemea, na lilianza kutumika kwa farasi. Mwaka 1831 daktari wa mifugo wa Ufaransa, Bouley, alieleza habari za farasi jike wa kukokota gari aliyekuwa akifanya kazi muda mfupi, kisha miguu ya nyuma ikaanza kuchechemea. Akipumzishwa, hali ilirudi kuwa njema. Alipokufa na kupasuliwa, ateri zake za mapaja zilikutwa zimeziba. Mwaka 1858 Charcot, tabibu wa Paris, alieleza hali hiyohiyo kwa binadamu, akarejelea habari za farasi zilizoandikwa na madaktari wa mifugo. Ndivyo istilahi ilivyohama kutoka zizini hadi hospitalini.

Tukiifasiri moja kwa moja tutapata "uchechemeaji wa vipindi", na sioni kama inafaa. Kwanza, binadamu mwenye ugonjwa huu mara nyingi hachechemei. Anasimama. Wajerumani walioona hivyo waliuita ugonjwa wa madirisha ya maduka, kwa kuwa mgonjwa aendaye mjini husimama kila baada ya hatua kadhaa akijifanya anatazama bidhaa, kumbe anasubiri mguu utulie. Pili, ukimuuliza mzee wa Tanga au Morogoro kama anachechemea kwa vipindi, atakujibu hapana, na atakuwa amesema kweli. Istilahi inayomfanya mgonjwa akane dalili zake mwenyewe imeshindwa kazi yake ya kwanza.

Napendekeza "maumivu ya mwendo". Mwendo kwa Kiswahili ni kitendo cha kwenda, ni kasi ya kwenda, na tena ni umbali: twasema mwendo wa saa moja. Mambo hayo matatu ndiyo yanayoujenga ugonjwa huu. Maumivu huja kwa kwenda, huwahi kuja mtu akiharakisha au akipanda kilima, na uzito wake hupimwa kwa umbali. Mwulize mgonjwa anapita nguzo ngapi za umeme kabla hajalazimika kusimama, atakujibu papo hapo, na jibu lake ni kipimo cha kuandikwa kwenye faili.

Kuna pingamizi moja la haki. Goti lililolika nalo huuma mtu akitembea, na mgongo uliobana mishipa ya fahamu huleta maumivu ya miguuni vilevile. Ila mwenye mgongo hupata nafuu akiketi au akiinama mbele, kusimama wima hakumsaidii. Mwenye ateri hutosheka na kusimama. Kwa hiyo katika maandishi ya kitabibu istilahi iandikwe kwa ukamilifu: maumivu ya mwendo ya ateri.

Hilo neno ateri nalishikilia kwa makusudi. Neno mshipa limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Mshipa wa damu ni mshipa, mshipa wa fahamu ni mshipa, na mtu akisema ana mshipa huenda akaeleweka kuwa ana ngiri au busha. Ukimwambia mtu ana tatizo la mishipa ya miguu, atakumbuka ile iliyovimba na kujipindapinda chini ya ngozi. Hiyo ni vena, irudishayo damu moyoni, na mwenye tatizo hilo hushauriwa ainue miguu juu ya mto. Ateri hupeleka damu kutoka moyoni. Ikiwa imeziba sana, kuinua mguu huuzidishia ukosefu wa damu. Wanafunzi wetu wanayasoma maneno ateri na vena katika biolojia. Hakuna sababu ya kuyaficha kliniki.

Katika ateri iliyobanwa na utando wa mafuta na chokaa, damu inayopita humtosha mtu aliyeketi. Akitembea, msuli hudai damu mara nyingi zaidi, nayo haifiki. Msuli wenye njaa ya oksijeni huuma. Ateri ikiziba pajani, shavu la mguu ndilo hulalamika. Ikiziba juu zaidi, tumboni au kwenye nyonga, huuma paja na makalio.

Kipimo chake hakihitaji mashine kubwa. Mgonjwa analala chali na kutulia. Muuguzi anafunga mkanda wa presha mkononi, kisha juu ya kifundo cha mguu, anapaka jeli, anaweka kifaa cha dopla chenye umbo la kalamu juu ya ateri. Mlio wa damu unasikika kwa kila pigo la moyo. Anajaza mkanda hadi mlio unyamaze, anaupunguza upepo polepole, na pale mlio unaporudi ndipo anaposoma namba. Mkono ukiwa 140 na mguu 84, tunagawanya 84 kwa 140 na kupata 0.6. Huu tuuite uwiano wa presha ya mguu kwa mkono. Ukiwa 0.9 au chini yake, ateri zina ugonjwa. Kwa wenye kisukari cha muda mrefu tahadhari inahitajika: ateri zao huweza kuwa ngumu kiasi cha kutobanwa na mkanda, na uwiano ukapanda kupita 1.4 ilhali mguu una njaa. Hao hupimwa presha ya kidole gumba cha mguu.

Jina tulilochagua linatupeleka pia kwenye tiba, maana dawa kubwa ya maumivu haya ni mwendo wenyewe. Utaratibu ni huu: mgonjwa atembee hadi maumivu yawe ya wastani au makali kiasi, asimame hadi yaishe kabisa, atembee tena, arudierudie hivyo kwa dakika 30 hadi 45, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12 au zaidi. Ateri iliyoziba haizibuki kwa zoezi hili. Kinachobadilika ni msuli, unaojifunza kuitumia vizuri damu kidogo inayoufikia, na kuta za mishipa midogo, zinazotanuka vyema zaidi. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2021 lililinganisha watu waliotembea hadi kuumia na waliotembea taratibu bila kuumia. Baada ya mwaka mmoja, waliovumilia maumivu walikwenda mbali zaidi. Wale wa taratibu hawakuwapita wasiofanya zoezi lolote. Kumwambia mgonjwa wa namna hii akae apumzike ni kumnyima tiba.

Likifanyika mbele ya mtaalamu tuliite zoezi la mwendo chini ya uangalizi. Lina matokeo mazuri kuliko ushauri mtupu wa "tembeatembea", ambao wengi huusikia na kuusahau mlangoni. Pasipo mtaalamu wa viungo, mtu wa nyumbani anaweza kumsindikiza, lakini daktari auchunguze moyo kwanza, kwani mwenye ateri mbovu miguuni mara nyingi anazo pia moyoni na kichwani. Ndiyo maana huandikiwa dawa za kupunguza lehemu na za kuzuia damu isigande. Na anayevuta sigara aache. Hakuna kidonge kitakachofidia moshi huo.

Istilahi hii isivutwe kupita mpaka wake. Mguu unaouma mtu akiwa amelala, hata akauning'iniza nje ya kitanda ili apate nafuu, hauna tena maumivu ya mwendo. Vivyo hivyo kidonda cha kidole kisichopona au ngozi inayogeuka nyeusi. Huyo asianzishiwe zoezi la kutembea, afikishwe hospitali haraka. Na mguu ukipoa na kupauka ghafla, apelekwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.