Sehemu ya 6: Picha ya sikoseli, na aliyeikagua

Sehemu ya 5 tuliona chembe nyekundu zinavyopinda kama mundu. Wengi mkauliza: walijuaje yaliyomo ndani ya chembe, na tutaaminije?

Tuanzie kwetu. Mwaka 1956 Dk. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitoa hesabu za Musoma. Watoto wachanga 287 walipimwa, 9 wakakutwa na sikoseli. Watu wazima 654, wenye sikoseli 5 tu. Piga hesabu mwenyewe: kwa watoto ni kama 3 katika kila 100, kwa wakubwa haifiki hata 1. Hao wengine walikwenda wapi, mama, unajua.

Mwaka 1957 Vernon Ingram, kule Cambridge, Uingereza, akaonesha kosa lenyewe: kwenye mnyororo wa beta wa himoglobini, asidi amino moja tu, ya sita, imebadilika. Moja! Lakini umbo lake hakuliona. Jirani yake Max Perutz alikuwa anahangaika na umbo la himoglobini tangu 1937, na picha ya kwanza, tena ya ukungu, aliipata baada ya zaidi ya miaka 20.

Kwa nini muda wote huo? Eksirei ya mguu unaiona hapohapo, mfupa huu hapa. Hii sivyo. Unaigandisha himoglobini iwe fuwele, kama chembe za chumvi ya mawe, unaipiga eksirei, halafu unapata madoa tu. Madoa maelfu. Mtaalamu anajenga umbo analodhani ndilo, anapiga hesabu umbo hilo lingetoa madoa gani, kisha analinganisha na madoa halisi. Tofauti inaitwa R. Umbo likilingana kabisa na madoa, R ni 0. Ukitupa atomi ovyoovyo, ni kama 0.59. Protini iliyojengwa vizuri huwa karibu na 0.2.

Sasa hapa ndipo penye mtego, na mimi naona ndiyo sehemu tamu ya historia hii. Ukiruhusiwa kusogeza atomi utakavyo, R inashuka hata kama umbo ni la uongo. Ni kama mtoto aliyepewa maswali ya mtihani usiku: asubuhi anapata 95, na hajaelewa kitu, amekariri.

Mwaka 1992 Axel Brünger akaja na dawa ya kukariri. Kabla ya kuanza kurekebisha umbo, chukua sehemu ndogo ya madoa, mara nyingi 5 hadi 10 katika 100, uyafungie kabatini. Umbo lisiyaone kamwe. Mwisho ndiyo ulipime kwa hayo. Namba hiyo inaitwa R huru. Ikiwa juu kidogo ya R ya kawaida, sawa. Ikiachana nayo mbali, kuna jambo.

Mwaka 1995 Gerard Kleywegt na Alwyn Jones, wa Uppsala, Sweden, wakafanya utundu. Walichukua protini moja wakaijenga kinyumenyume makusudi, mwisho ukawa mwanzo. R ya kawaida ikatoka takriban 0.21, nzuri ya kujivunia! R huru ikatoka takriban 0.62. Yaani mbaya kuliko kubahatisha.

Jambo la pili la kuuliza ni ukali wa picha. Hupimwa kwa angstromu, ambayo ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita, na namba ikiwa ndogo ndiyo picha kali. Himoglobini ya sikoseli ilipigwa mwaka 1975 kwa angstromu 5: unaona minyororo imelala wapi, ila ile asidi amino iliyobadilika huioni vizuri. Mwaka 1997 ikafika 2.05, na hapo ikaonekana wazi jinsi inavyojichomeka kwenye kishimo cha himoglobini jirani, na jirani kwa jirani mpaka ukawa uzi mrefu. Uzi huo ndio unaopinda chembe, ndio unaomliza mwanao usiku.

Baadaye ikaja dawa, voxelotor. Picha za fuwele zilionesha vizuri inaposhika kwenye himoglobini, na Marekani wakaikubali Novemba 2019. Septemba 2024 Pfizer wakaiondoa duniani kote, wakisema data zinaashiria vifo na vipindi vya maumivu vilizidi kwa waliotumia. Kasoro haikuwa kwenye picha. R huru inakagua umbo, haikagui mtoto. Mtoto anakaguliwa kwa majaribio ya watu, miaka kwa miaka, na huko nako kuna kabati lake la kufungia majibu, tutafika.

Wenye watoto wa sikoseli, msiache dawa mlizoandikiwa kwa sababu ya habari hii: foliki, penisilini, na chandarua kila usiku. Hiyo penisilini nayo umbo lake lilijulikana kwa madoa hayahaya, mwaka 1945, kwa kazi ya mwanamke anayeitwa Dorothy Hodgkin. Yeye ndiye wa sehemu ya 7.