Mtambo Hujuaje Kuwa Maji Yamekoma?

Somo la leo tulianzie kisimani. Tuseme wewe ni mkazi wa Ikungi, mkoani Singida, ambako mvua ni ya msimu mmoja na kiangazi ni kirefu. Umefika penye bomba la malipo ya kabla, namna inayoenea katika vijiji vya Tanzania. Umegusisha kadi, fedha ya debe moja imekatwa, bomba limefunguka. Likakoroma kidogo, kisha kimya. Je, mtambo unajua kuwa hukupata maji?

Swali hili ni la kale. Katika karne ya 1 baada ya Kristo, Hero wa Iskanderia, huko Misri, alieleza sanduku la kuuza maji matakatifu hekaluni. Sarafu iliangukia kibao cha wenzo, wenzo ukanyanyua kizibo, maji yakatoka. Sarafu ilipoteleza, kizibo kikarudi mahali pake. Ufundi wa kupendeza! Lakini sanduku lilijua tu kwamba sarafu imeingia. Tangi likiwa tupu, sarafu ilikwenda vile vile, na sidhani kama makuhani walilalamika.

Ilihitajika kitu cha kuyahisi maji yenyewe. Mwaka 1790 Reinhard Woltman wa Hamburg alieleza gurudumu dogo la mapanga linalozungushwa na mkondo wa mto: hesabu mizunguko, utajua mwendo wa maji. Katika karne ya 19 magurudumu ya namna hiyo yaliingizwa ndani ya mabomba, zikawa dira za maji. Hata hivyo, ilimpasa mtu aende kuzisoma.

Mwaka 1936 Walter Ellwood, wa maabara za Bell huko Marekani, alibuni swichi ya vibao viwili vyembamba vya chuma ndani ya kichupa cha kioo. Sumaku ikikaribia, vibao hugusana. Tia sumaku kwenye gurudumu la dira, na kila mzunguko utapeleka pigo moja la umeme. Sasa mtambo waweza kuhesabu wenyewe, tena waweza kushuku. Bomba likiwa wazi na mapigo yasije kwa muda uliowekwa, mtambo uliotengenezwa vizuri hufunga, huzima pampu, na kukumbuka lita unazodai.

Kuupanga muda huo ndiyo kazi ngumu. Ukiwa mfupi mno, mtambo hufunga kabla bomba lililokauka usiku halijajaa. Ukiwa mrefu mno, pampu iliyo chini kisimani, inayopozwa na maji yale yale inayoyavuta, huungua.

Kisha kuna hewa. Ikisukumwa ndani ya bomba huzungusha gurudumu, tena upesi, na mtambo huhesabu upepo kuwa lita. Kwa hiyo mafundi huweka valvu ya kutoa hewa kabla ya dira.

Basi siku bomba likikoroma, usiondoe ndoo yako. Tazama namba. Zikipanda na ndoo haijai, mwite msimamizi, umwonyeshe namba na ndoo pamoja.