Mikanda ya Milimita 8 na Skana ya Mezani

Filamu za nyumbani zilianza kuenea baada ya mwaka 1923, kampuni ya Kodak ya Marekani ilipotoa mkanda wa milimita 16 uliotengenezwa kwa asetati, yaani plastiki isiyoshika moto kwa urahisi kama naitrati iliyotumika katika sinema za kibiashara. Mwaka 1932, wakati wa mdororo wa uchumi, ulifuata mkanda wa milimita 8, ambao kwa hakika ulikuwa wa milimita 16 uliopitishwa kwenye kamera mara mbili, kila mara ukipigwa upande mmoja, kisha ukapasuliwa katikati na vipande vyake kuungwa. Ubunifu huo wa kubana matumizi ndio ulioifikisha kamera mikononi mwa familia nyingi.

Asetati ile ile iliyoziepusha nyumba na moto huoza polepole, ikatoa harufu kali ya siki na kunywea, hata meno ya projekta yasiingie tena katika matundu ya kando. Hapo ndipo inapofaa skana ya mezani, iliyobuniwa kwa ajili ya nyaraka na picha, kwa kuwa haivuti mkanda: sehemu ya sentimita 20, yenye picha zipatazo 52, hulazwa juu ya kioo, taa ya kwenye kifuniko ikaimulika, na programu ikafuata matundu kuzitenga picha. Mkanda wa mita 15, unaoonyeshwa kwa takriban dakika 4, hudai kulazwa mara 76 hivi, kazi ya kuchosha inayostahili kila saa yake, kwani picha yenye upana wa milimita 4.5 tu, ikisomwa kwa nukta 2,400 kwa inchi, hupata pikseli zaidi ya 400 kwa upana, zinazotosha kuutambua uso wa bibi aliyekwisha kufariki.