Kilemba Kama Pambo: Chanzo cha Picha na Wajibu wa Mbunifu Zanzibar

Kabla ya amri ya 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, vazi la kichwa lilikuwa alama ya daraja. Mtumwa mwanamume kwa kawaida alitembea kichwa wazi, ilhali kilemba kilimtambulisha muungwana, shekhe au mtawala. Lugha imehifadhi uzito huo: ada anayopewa fundi mwanagenzi wake anapohitimu huitwa kilemba. Kadi za posta za studio za Zanzibar, kama ile ya A. C. Gomes, zilififiza maana hiyo, kwa kuwa maelezo yake mara nyingi yalitaja kabila tu, bila jina la mvaaji. Mbunifu anayenakili taswira hiyo kwenye kitambaa au ukuta hurithi kasoro hiyo. Kwa hiyo, picha iliyomo katika Mkusanyo wa Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern, unaohusu miaka ya 1860 hadi 1960, haina budi kulinganishwa na nyaraka zilizohifadhiwa Zanzibar kabla ya kuigwa. Jina la mvaaji lisipopatikana, ni halali zaidi kuiga mkunjo wa kitambaa na kuuacha uso.